Suzuki Ndogo na Hesabu ya Gia

Wasomaji wangu, leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha ya kuprogramu. Nitaandika kuhusu gari. Najua wengine wenu mtafunga ukurasa hapa hapa, lakini nawaomba mvumilie kidogo, maana jambo nililojifunza nikiwa chali chini ya gari hili, mgongo juu ya gunia lililolowa oili, ndilo ambalo nimekuwa nikijaribu kuwaeleza wenzangu kazini kwa miaka mingi bila kufaulu.

Gari lenyewe ni Suzuki SJ413, lile ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la Sierra. Lilikuwa la mjomba wangu, ambaye alizunguka nalo kwa wafugaji akiuza dawa za mifugo. Alipostaafu aliniuzia kwa bei ya kifamilia, yaani ile bei ambayo hujui kama umenunua au umekopeshwa. Nami nikafanya kile ambacho kila mgeni wa mambo haya hufanya: kabla ya kitu kingine chochote, nikanunua matairi makubwa. Inchi 31. Nikakata kingo za matope ili yaenee, nikapiga picha, nikaona nimemaliza.

Jumamosi moja nikamchukua mjomba twende Suswa, tupande ile njia ya mawe inayoingia ndani ya bonde la volkano. Kupanda tulipanda kwa shida, klachi ikinuka kama mahindi yaliyoungua. Kushuka ndiko kulikokuwa kubaya. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza, magurudumu yote manne yakivuta, na bado gari lilikuwa linakimbia kuliko nilivyotaka. Nikakanyaga breki, halikupungua vya kutosha. Mjomba alikuwa ameshika chuma cha dashibodi kwa mikono miwili. Mwishowe nililisukumia ubavuni mwa ukingo wa udongo, likasimama. Hakuna aliyeumia, mlango tu ulibonyea. Mjomba hakusema neno mpaka tulipofika Duka Moja na chai ikaletwa. Ndipo akaniambia, "Mjomba, gari hili nimeliendesha miaka mingi na halijawahi kunikataa. Umelifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kulitafuta, na kulitafuta kukanirudisha mpaka Japani ya miaka ya 1960.

Wakati huo sheria ya Japani ilikuwa na daraja maalumu la magari madogo, yanayoitwa kei, ambayo yalitozwa kodi nafuu. Masharti yalikuwa makali: urefu usizidi mita 3, upana usizidi mita 1.3, injini isizidi sisi 360. Wengi walitengeneza vigari vya mjini. Kampuni ndogo iliyoitwa Hope Motor Company ikapata wazo la ajabu: kutengeneza gari la porini ndani ya masharti hayo hayo. Mwaka 1967 ikaleta ON360, injini yake ikitoka Mitsubishi. Gari halikupata wanunuzi wa maana, na mwaka 1968 Suzuki wakanunua haki za kulitengeneza.

Suzuki walitoa injini ya Mitsubishi wakaweka yao, wakabadilisha bodi, na Aprili 1970 wakatoa LJ10, Jimny ya kwanza. Injini ilikuwa ya sisi 359, silinda mbili, ya kuchanganya mafuta na oili kama pikipiki za zamani, ikipozwa kwa upepo. Nguvu zake zilikuwa farasi 25, ambazo ni kama za bodaboda mbili za leo ukizijumlisha. Uzito wa gari zima ulikuwa kilo 590. Ili urefu usivuke mita 3, tairi la spea liliwekwa ndani, nyuma ya kiti cha mbele, kwa hiyo abiria wa nne hakuwa na mahali pa kukaa. Kwa mtu wa kuandika programu, hapo kuna kitu cha kufurahisha sana: sharti la sheria limegeuka kiti kilichokosekana.

Sasa swali ni hili. Bodaboda mbili zinapandishaje mlima gari lenye watu watatu?

Jibu ni gia. Katika gari hizi, nyuma ya sanduku la kawaida la gia kuna sanduku la pili, dogo, ambalo mafundi huliita transifa. Kazi yake ni mbili: kugawa mzunguko kwenda mbele na nyuma, na kumpa dereva safu mbili za gia, nyepesi kwa barabara na nzito kwa milima. Na katika Suzuki hizi ndogo transifa haikuunganishwa moja kwa moja na sanduku kubwa. Ilining'inizwa peke yake katikati ya chesi, ikapokea mzunguko kupitia propela fupi. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1972 injini ikaanza kupozwa kwa maji. Mwaka 1974 ikaja ya sisi 539 kwa masoko ya nje. Mwaka 1977 LJ80 ikapata injini ya silinda nne ya kawaida, sisi 797. Kisha mwaka 1981 ndipo umbo tunalolijua likazaliwa, la pembe pembe kama boksi la viatu, na toleo lake la nje likaitwa SJ410, injini ya sisi 970. Mwaka 1984 ikafuata SJ413, sisi 1324, gia tano. Ni gari ambalo lilitengenezwa pia Hispania na kampuni ya Santana, na India kuanzia Desemba 1985 likiitwa Maruti Gypsy, lenye chesi ndefu kidogo. Jeshi la India lilizinunua kwa maelfu. Gypsy nazo zilifika Kenya, na hadi leo utaziona Nairobi na kwenye njia za mbuga, nyingine zikiwa na turubai lile lile lililoshonwa mara tatu.

Lakini mahali ambapo kulifungua gari hili kuligeuka kuwa fani kamili ni Marekani, na sababu yake si ya furaha. Suzuki waliingia huko Novemba 1985 na SJ413 iliyopewa jina Samurai. Ilikuwa rahisi kuliko washindani wake, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa takriban 47,000. Halafu mwaka 1988 jarida la Consumer Reports, lililokuwa likichapishwa na shirika la Consumers Union, likaipa Samurai alama ya "haikubaliki". Katika majaribio yao ya kukwepa kitu kilichojitokeza ghafla barabarani, gari liliinua magurudumu ya upande mmoja. Mauzo yakaanguka. Serikali ya Marekani ilikataa ombi la kuyarudisha magari hayo kiwandani, Suzuki wakalishtaki shirika hilo mwaka 1996, na kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 2004 bila yeyote kumlipa mwenzake. Mimi si hakimu, ila nimeliendesha gari hili kwenye lami na nawaambia wazi: ni jembamba, ni refu kwenda juu, na springi zake ni ngumu. Anayelikunja usukani kwa kasi kama anaendesha saluni anatafuta matatizo.

Samurai ziliuzwa Marekani mpaka mwaka 1995. Zilizokuwa zimetumika zikawa za bei ya chini, na kitu cha bei ya chini ndicho watu huthubutu kukikata. Vijana waliokuwa wakizipeleka kwenye njia za mawe kama Rubicon kule California na Moab kule Utah wakagundua kwamba kigari kifupi, chepesi, chenye ekseli ngumu mbele na nyuma, hupita mahali ambapo magari makubwa hukwama. Wakagundua pia mahali linaposhindwa. Na hapo ndipo hesabu ya gia inapoingia.

Katika SJ413 gia ya kwanza hupunguza mzunguko wa injini mara 3.652. Transifa ikiwa kwenye safu nzito hupunguza tena mara 2.268. Difu hupunguza mara 3.727. Zidisha zote tatu upate karibu 30.9. Yaani injini ikizunguka karibu mara 31, tairi huzunguka mara moja, na msukumo unaofika kwenye tairi huongezeka kwa kiasi hicho hicho, ukitoa kinacholiwa na msuguano. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1000 kwa dakika, na tairi la kiwandani la 205/70R15 lenye kipenyo cha kama milimita 668, gari linakwenda kilomita 4 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Sasa weka tairi la inchi 31, yaani milimita 787. Mzingo umeongezeka kwa karibu asilimia 18. Mwendo ule ule wa injini sasa unakupeleka kilomita 4.8 kwa saa, na msukumo chini ya tairi umepungua kana kwamba ile 30.9 imekuwa 26. Breki nazo zina kazi kubwa zaidi, kwa sababu tairi lina mkono mrefu zaidi wa kushindana nazo. Hivyo ndivyo nilivyolifanya gari la mjomba. Nilidhani nimenunua nguvu, kumbe nimenunua kasi, mahali pasipohitaji kasi. Nilipata sentimita 6 za nafasi chini ya difu, nikalipa kwa kila kitu kingine.

Dawa waliyoipata Wamarekani ilitegemea ile transifa iliyoning'inia peke yake. Kwa kuwa haikushikana na sanduku kubwa, mtu angeweza kuishusha kwa bolti chache, akaifungua juu ya meza, akabadilisha meno ya ndani, akairudisha, na injini isijue kilichotokea. Sisi wa programu tungesema sehemu hizo zimeungana kwa kulegea: kila moja inajua tu kinachoingia na kinachotoka. Ujanja wa kwanza ulikuwa wa kimaskini, nami naupenda kuliko yote. SJ410, ile ya injini ndogo, ilikuwa na meno mazito zaidi ndani ya transifa yake, 2.511 badala ya 2.268. Ukiyahamishia kwenye SJ413 unapata punguzo la kama asilimia 11 kwenye safu nzito na 12 kwenye safu nyepesi, kwa bei ya chuma chakavu. Baadaye watengenezaji wa spea wakachonga meno mapya kabisa ya 4.16, na mengine yanayopita 6. Kwa 4.16 ile 30.9 inaruka hadi 56.6. Injini ni ile ile ya sisi 1324, haijaguswa, lakini sasa gari linapanda ukuta wa mawe likitembea pole pole kuliko mtoto anayeanza kutembea.

Mabadiliko mengine yote niliyosoma yana kovu mahali fulani. Chukua lile maarufu zaidi, la kuhamisha springi. Kiwandani springi za bapa zimefungwa chini ya ekseli. Ukizihamishia juu yake, gari linanyanyuka kwa zaidi ya sentimita 12 bila kununua springi mpya, unahitaji tu vipande vya chuma na mtu anayejua kuchomelea. Inavutia. Ila sasa ule mtaimbo wa usukani unateremka kwa pembe kali, na kila shimo linataka kukugeuzia gari. Hosi za breki ni fupi. Propela zimekaa kwa mshazari na zinatetemeka. Springi ya nyuma inajikunja kama herufi S ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kwa sababu ekseli inataka kujizungusha. Na kituo cha uzito kimepanda, katika gari ambalo tayari lilikuwa na kesi ya kupinduka. Unarekebisha kosa moja, unazaa manne, na kila moja linadai kiraka chake. Nimefanya kazi kwenye mifumo ya aina hiyo. Wengine wamefaulu vizuri, wakapanua ekseli, wakatengeneza mtaimbo mpya wa usukani, wakafunga springi ndefu za Jeep Wrangler. Lakini hapo umeshajenga gari lingine.

Difu nayo ina hila yake. Tairi moja likielea hewani, difu ya kawaida hulipelekea mzunguko wote lile linaloelea, na gari linasimama likilia. Kwa hiyo watu hufunga kifaa cha kuikaza ili matairi mawili yazunguke pamoja. Asiye na pesa huichomelea kabisa. Nawaonya: difu iliyochomelewa kwenye lami yenye maji haina adabu.

Na injini? Wengi waliweka ile ya lita 1.6 kutoka kwa ndugu yake Vitara, kwa kuwa inakaa bila vita kubwa. Mimi ningeiweka mwisho wa orodha. Nguvu zikizidi, kinachovunjika ni viungo vya ekseli ya mbele, tena njiani, tena jua likizama.

Kuna kisa kimoja tu ninachokijua ambapo nguvu ndiyo ilikuwa shida kweli. Kwenye mpaka wa Chile na Argentina kuna mlima wa volkano uitwao Ojos del Salado. Mwezi Machi 2007 timu yenye magari ya Jeep ilifika mita 6,646 na kuweka rekodi ya dunia ya gari kufika juu kwa magurudumu yake. Wakaacha na kibao cha majigambo kwamba hapo ni maegesho ya Jeep peke yake. Tarehe 21 Aprili mwaka huo huo Wachile wawili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, wakakipita kibao hicho na Suzuki Samurai waliyoifungua wenyewe, wakafika mita 6,688. Kule juu hewa haifikii nusu ya ile ya pwani, na injini isiyosaidiwa inabaki na chini ya nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo walifunga injini ya lita 1.6 yenye supachaja ya kuisukumia hewa. Walikuwa wamepima kinachokosekana, wakaongeza hicho.

Kwetu Kenya uwanja wa mambo haya ni Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangisha pesa za uzio wa msitu wa Aberdare. Uzio huo wa karibu kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009, na mashindano yanaendelea kwa misitu mingine. Kanuni yake ni ya kihisabati: una saa 10 za kufika kwenye vituo vyote, na anayeshinda ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kasi haina alama. Kwa hiyo unakuta watu wakiteremka makorongo kwa mwendo wa kobe, na Suzuki ndogo hazikosi katikati ya magari makubwa.

Kiwanda chenyewe hakikulala. Mwaka 1995 Jimny ilipata springi za koili, ikabaki na chesi na ekseli ngumu. Ile ya mwaka 2018 pia imevihifadhi, tena na mkono wa transifa badala ya vitufe. Nilipiga hesabu ya gia zake za mkono: karibu 36. Ni zaidi ya 30.9, lakini bado haijafika pale watu wa gereji walipofika zamani. Badala ya difu ya kukaza, ina programu inayopima tairi linalozunguka bure na kulikamata kwa breki ili mzunguko uende upande wa pili. Kazi iliyofanywa na chuma sasa inafanywa na msimbo. Mtadhani ningefurahi, na kweli nimefurahi. Ila msimbo huo siwezi kuushusha kwa bolti chache nikaufungua juu ya meza.

Basi, gari la mjomba. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Grogan, mzee asiyependa maneno, nikamwonyesha hesabu zangu kwenye karatasi. Akaangalia matairi, akasema, "Kijana, umevalisha mtoto viatu vya baba yake." Tukashauriana. Zile 31 nikaziuza. Nikaweka 235/75R15, ambazo ni kubwa kuliko za kiwandani kwa sentimita 6 na nusu tu za kipenyo. Springi zikabaki chini ya ekseli zilipozaliwa. Nikaagiza meno ya 4.16 kutoka nje, na kwa ushuru na usafiri yakanigharimu zaidi ya nusu ya pesa nilizomlipa mjomba kwa gari zima. Mke wangu anazijua pesa hizo, kwa hiyo sina cha kuficha hapa. Fundi alishusha transifa asubuhi, na kabla ya alasiri ilikuwa imerudi mahali pake.

Ilinichukua wiki kadhaa kumshawishi mjomba aje tena Suswa. Pale kwenye mteremko alisema atashuka kwa miguu, magoti yake yanahitaji mazoezi. Sikubishana. Nikaweka gia ya kwanza, safu nzito, nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Gari likateremka kwa kilomita 2 na nusu kwa saa, jiwe baada ya jiwe, likijishika lenyewe. Mjomba alitembea kando yangu kwa muda, kisha akanipita. Nilipofika chini nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha mleleshwa, ameshamenya chungwa lake la pili.